Barua ya malalamiko: spana na soketi zenye jina la duka lenu

Gereji ya magari,
Machomane, Chake Chake,
Pemba.

Meneja, Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

YAH: SANDUKU LA SPANA NA SOKETI LILILONUNULIWA TAWI LENU LA UNGUJA

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi wa gari, na nina gereji hapa Machomane. Kazi yetu kubwa ni gari za abiria za njia za Wete, Konde na Mkoani, pamoja na gari za watu binafsi, karibu zote Toyota na Suzuki zilizotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Sanduku ninalolilalamikia nililinunua kwenu kwa TSh 385,000, na nakala ya risiti nimeiambatanisha. Siandiki kwa sababu spana imevunjika. Spana huvunjika, hata zile za bei mbaya. Ninacholalamikia ni kwamba mmeniuzia vitu viwili tofauti kwa jina moja, namba moja ya bidhaa na sanduku la rangi ile ile, na hakuna aliyeniambia.

Sanduku la kwanza nililinunua kwenu miaka kadhaa nyuma. Mafundi wenzangu walinicheka. Huku kwetu spana za duka ni zile zenye jina la muuzaji badala ya jina la kiwanda, na watu wanaamini kazi yake ni kukazia miguu ya kitanda. Mimi nikawabishia, na sanduku lile likanitetea. Mpaka leo linafanya kazi. Kromu imefifia pale kiganja kinaposhika, racheti, yaani mpini unaozungusha soketi kwa milio, naifungua na kuitia grisi kila inapokuwa nzito, na soketi pekee isiyokuwepo ni ya milimita 10, nayo haikuvunjika, imepotea, maana hakuna gereji niliyoingia ambayo soketi ya 10 haijapotea. Kwa hiyo vijana wangu walipohitaji vifaa vyao wenyewe sikutafuta pengine. Nilipanda boti Mkoani nikaja Unguja kwenye duka lenu.

Mambo yalianza kuharibika msimu wa karafuu, wakati ambapo gari ikilala gereji mwenyewe haachi kupiga simu. Ililetwa Hiace ya Wete, breki za mbele zinalia. Barabara zetu ni za vilima, kupanda na kushuka, kwa hiyo breki haina cha kusubiri. Kijana akachukua soketi mpya ya 14, akaivisha kwenye bolti ya kalipa, kile kishikio cha pedi za breki, akavuta kwa mkono mmoja. Hakuweka bomba la kurefusha mpini, wala hakugusa nyundo. Soketi ikazunguka, bolti ikabaki pale pale. Alipoitoa, pembe zote sita za kichwa cha bolti zilikuwa zimelika na zinang'aa. Nikachukua 14 ya sanduku la zamani, nikaigonga kidogo ikaingia kwenye kichwa hicho hicho kilichokwisha kuliwa, na bolti ikafunguka. Ilibidi tuitupe, na kutafuta bolti nyengine ya kalipa ya Hiace Chake Chake siku ya Jumapili ni shughuli ambayo sikuipangia.

Haukupita muda, soketi ya 21 ikapasuka kwenye nati ya tairi. Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa kiasi cha newtoni-mita (Nm) 103. Hiyo ni nguvu ya mtu mzima mmoja na mpini wa kawaida. Soketi ya 21 isiyohimili hapo sijui mliiagiza kwa kazi gani.

Najua mtakaloniuliza, na bora nilijibu mapema: gereji yangu haina mashine ya upepo ya kufungulia nati. Hata ingekuwepo, nisingeitumia na soketi zile. Soketi za mashine ni nyeusi, nene, za chuma cha kromu na molibdeni. Hizi za kung'aa ni za mkono, na kwa mkono ndivyo tulivyozitumia.

Nikaziweka meza moja, za zamani na mpya, nikachukua vernia, kipimo cha milimita. Kichwa cha bolti ya 14 hakitakiwi kuzidi milimita 14 kamili, na soketi inatakiwa izidi hapo kidogo tu, ili iingie. Ya zamani ilisoma 14.1. Mpya ilisoma 14.5. Tena ya zamani pembe zake za ndani zimechimbwa mviringo kidogo, ili soketi isukume ubapa wa bolti na isiguse ncha ya pembe. Mpya haina kitu hicho, inabana ncha peke yake, ndiyo maana inakula bolti. Ile ya 21 iliyopasuka nayo ukuta wake ni mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, maana tundu halikukaa katikati. Ufa umepita pale pale palipo pembamba, kuanzia mdomoni mpaka karibu na tundu la mraba la mpini.

Kisha nikapitisha faili laini mahali pasipoonekana. Kwenye spana ya zamani faili liliteleza. Kwenye spana mpya ya 12 liliuma, vumbi la chuma likashuka. Spana hiyo mdomo wake umeshaachama, ukiivisha nati inacheza. Lakini soketi ya 21, iliyotoka sanduku hilo hilo, imepasuka bila ya kupinda hata kidogo. Mtu yeyote anayefanya kazi ya chuma atawaeleza maana ya mambo haya mawili. Chuma cha spana kinapashwa moto sana, kinazimwa ghafla ili kiwe kigumu, kisha kinapashwa tena moto mdogo ili kipunguze ukali. Kikizidi ugumu kinapasuka, kikipungua kinaachama. Sanduku lenu lina vyote viwili, kwa hiyo kosa halikuwa la kipande kimoja kilichopita bila ya kuonekana. Huko vilikotengenezwa moto haukupimwa, na kabla ya kutiwa jina lenu hakuna aliyevijaribu.

Vyote vimepigwa chapa ya Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na vanadi. Sibishi kwamba vimo. Ila chapa hiyo inataja mchanganyiko tu, haisemi lolote juu ya moto. Nimeona mauzo yenu ya mtandaoni yanaitaja chapa hiyo kana kwamba imemaliza kila kitu. Mwanafunzi wa gereji atakubali. Mwenye gereji atauliza la pili.

Racheti imenikera kuliko vyote. Sandukuni mmeandika meno 72. Meno 72 maana yake kila mlio ni digrii 5, na kwenye injini iliyobanana, pale mkono usipopata pa kuzungukia, digrii 5 ndizo zinazokufungulia bolti bila ya kushusha redieta. Nikatia alama ya chaki, nikazungusha duara moja, nikahesabu milio 36. Nikafungua kichwa nione kwa macho. Gurudumu lina meno 36 na kizuizi kimoja cha kuyashika. Wapo watengenezaji wanaoweka vizuizi viwili vinavyopishana, meno 36 yakatoa milio 72, na hilo ningelikubali bila ya maneno. Yenu haina. Racheti ya zamani, iliyotoka kwenye sanduku lenye maandishi hayo hayo, ina meno 72 kamili. Hili si suala la ubora hata kidogo. Mmeandika 72 mkatoa 36, na mtu asiyefungua kichwa cha racheti hatajua maisha yake yote kwamba amepewa nusu.

Kuhusu kromu nitasema machache. Sisi tuko kisiwani, hewa yetu ina chumvi, na kila chuma hapa kinakula kutu, hilo halina lawama kwa mtu. Lakini kromu ni utando mwembamba sana, na kinachozuia kutu hasa ni nikeli iliyo chini yake. Kwenye spana zenu mpya kromu inabanduka vipande, na chini yake kuna wekundu wa kutu moja kwa moja. Kipande kilichobanduka kinakata kama kigae cha kioo. Kijana wangu mmoja ameshachanika kidole kwa spana ya 17 ambayo hata haijafanya kazi nzito.

Sasa nije kwenye waranti. Juu ya sanduku, kwa herufi kubwa, mmeandika waranti ya maisha. Pembeni yake mmeandika kwa mafundi, na mmeweka picha ya mtu aliyevaa ovaroli amesimama mbele ya injini. Ndani kuna kikaratasi chenye herufi ambazo nilizisoma kwa miwani ya mke wangu. Kikaratasi kinasema waranti haihusu vifaa vinavyotumika kibiashara. Kinasema pia kitu kilichovunjika kirudishwe makao makuu, ndani ya sanduku lake, kwa gharama ya mnunuzi. Naomba mniambie, fundi asiyetumia spana kibiashara anazitumia wapi? Na mtu wa Pemba akiwa na soketi moja iliyopasuka, akalipa boti mpaka Unguja, akalipa tena mpaka Dar es Salaam, amebakiwa na nini cha kudai? Wakati huo sanduku zima halipo gereji, na vijana wanaazima.

Nilikwenda tawini kabla ya kuandika. Kijana wa kaunta alinipokea kwa adabu, simlaumu. Alizitazama soketi, akazigeuza, akaniambia: "Mzee wangu, mimi naona kabisa ulichoniletea. Lakini haya yanaamuliwa Dar, sisi huku tunauza tu." Nikamuuliza kama kiwanda kimebadilika. Akasema hajui, na nikamwamini. Ndiyo maana barua hii inakuja kwenu.

Duka kutia jina lake kwenye spana si aibu, na sitaki mnielewe kwamba nadai majina makubwa ya Ulaya ambayo fundi wa Chake hawezi kuyanunua. Duka la Sears la Marekani liliuza spana za Craftsman tangu mwaka 1927, zikitengenezwa na viwanda vyengine kwa agizo lake. Sifa yake ilitokana na jambo moja: mteja akirudi dukani na spana ya mkono iliyovunjika, alipewa nyengine. Jina hilo liliuzwa kwa kampuni ya Stanley Black & Decker mwaka 2017, karibu miaka 90 baadaye, na wanunuzi walilitaka kwa sababu bado lilikuwa na thamani. Duka lenye jina lake linaweza kuhamisha agizo kutoka kiwanda kizuri kwenda kibovu na mteja asione tofauti yoyote kwenye rafu. Anayebaki kuaminiwa ni mwenye jina. Mimi niliwaamini, nikawatetea mbele ya watu, na baadhi yao wamenunua kwenu kwa maneno yangu. Wanakuja gereji na soketi zao mkononi. Wanataka niwaambie kitu.

Ninachotaka ni hiki. Nirudishiwe TSh 385,000, au nipewe sanduku lenye ubora wa lile la kwanza, na makabidhiano yafanyike tawi la Unguja au hapa Pemba, si Dar es Salaam. Masharti ya waranti yaandikwe juu ya sanduku kwa herufi zinazosomeka, na kama fundi hahusiki basi yafuteni maneno yanayomtaja fundi na mtoe na ile picha. Maandishi ya meno 72 yaondolewe kwenye kila sanduku lililopo tawini, leo kabla ya kesho, kwa sababu hilo halihitaji uchunguzi, linahitaji mtu mmoja na chaki. Na mniambie kwa maandishi kama sanduku la zamani na hili jipya yametoka kiwanda kimoja. Kama hayakutoka, wekeni alama au namba tofauti, ili mtu ajue ananunua lipi. Gharama ya bolti ya Hiace sidai, ingawa mwenye gari aliidai kwangu.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila ya jibu, nakala yake pamoja na vipande vilivyovunjika nitavipeleka Tume ya Ushindani Halali na Taasisi ya Viwango Zanzibar, Unguja, na mafundi wengine wenye malalamiko kama haya wamekubali kuweka saini zao.

Masanduku yote mawili yako gereji, nimeyafungia kabatini, pamoja na soketi ya 21 iliyopasuka, spana ya 12 na 17, na racheti iliyofunguliwa kichwa. Sikukigusa chochote zaidi ya pale nilipopitisha faili, na mahali hapo nimepatia alama ya rangi nyekundu. Kama mtamtuma mtu, aje asubuhi siku yoyote isipokuwa Ijumaa, na aje na vernia yake mwenyewe.

Wenu,

Fundi wa gari, mwenye gereji,
Machomane, Chake Chake.

Viambatanisho: nakala ya risiti, picha za soketi ya 14 na ya 21, picha ya racheti ikiwa imefunguliwa, nakala ya kikaratasi cha waranti.