Barua kwa binamu anayetaka kwenda Isle of Man kuangalia pikipiki

Binamu,

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, pamoja na ile sehemu uliyokuwa unaagiza chipsi dirishani. Kwa hiyo mwakani umeamua, wewe na wenzako wa Leicester mnaenda Isle of Man, kile kisiwa kati ya Uingereza na Ireland, kuangalia TT (Tourist Trophy), mashindano yao ya pikipiki. Sawa kabisa. Naandika hapa hadharani badala ya kukupigia kwa sababu wapo wengine wa kwetu huku Uingereza wananiuliza hayo hayo, na pia nikikupigia hutaniacha nimalize, nakujua.

Kwanza toa MotoGP, zile mbio za ubingwa wa dunia, kichwani. Uwanja wa Silverstone unakata tiketi, unakaa jukwaani, skrini kubwa iko mbele yako, pikipiki zinapita kila baada ya dakika mbili na muda wote unajua nani wa kwanza nani wa pili. TT hakuna hiyo kitu. Raundi moja ni maili 37.73, yaani kilomita 60 na ushee, na ni barabara za kawaida kabisa, zile zile watu wanazopita asubuhi kwenda kazini, zina kona zaidi ya 200, zinapita katikati ya vijiji, mbele ya milango ya watu, zinapanda mlima halafu zinashuka tena Douglas mjini. Wala hawaanzi kwa pamoja, wanaachiwa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 10 kama Safari Rally, kila mtu anashindana na saa. Aliyekupita mbele anaweza akawa wa tano na wa nyuma yake ndiyo anaongoza. Maana yake mbio zenyewe huwezi kuziona binamu, unachoona ni kona yako tu, na safari yako nzima itategemea umechagua kukaa wapi. Hilo ndilo kubwa ninalotaka ulishike, mengine yote humu ni ya kukufikisha kwenye hiyo kona.

Uliniuliza kwa nini kisiwani. Ni sheria tu. Mwaka 1903 Uingereza waliweka mwisho wa mwendo maili 20 kwa saa na kufunga barabara ya umma kwa ajili ya mashindano ilikuwa haiwezekani, lakini Isle of Man wana bunge lao wenyewe, Tynwald, na 1904 likapitisha sheria ya kufunga barabara. Kwanza magari, halafu 1907 ikaja TT ya pikipiki. Mwaka huo Charlie Collier alishinda na pikipiki ya Matchless kwa wastani wa maili 38 hivi kwa saa, mwendo ambao boda wa Mbagala akikupakia anakuomba radhi kwa kukuchelewesha. Leo rekodi ya raundi ni ya Peter Hickman, 2023, wastani wa maili 136.358. Wastani binamu, yaani ukijumlisha na zile kona za gia ya kwanza, na nyumba za watu pembeni.

Sasa meli. Kabla hujanunua koti, kabla hujamwambia bosi wako, kabla hujabishana na wenzako nani analala na nani, tafuta nafasi ya meli. Kampuni ni Isle of Man Steam Packet, ipo tangu 1830, inatoka Heysham na Liverpool kwenda Douglas. Ya Heysham inaitwa Manxman, ni karibu saa nne kasoro, ya Liverpool ndiyo ile ya haraka inaitwa Manannan, chini ya saa tatu lakini bahari ikichafuka utaijua. Watu wa TT wanabuki ya mwakani wakati ya mwaka huu haijaisha, wengine kila mwaka siku zile zile tangu ujana wao, kwa hiyo ukingoja mwezi wa tatu utabaki kuangalia kwenye simu. Hiyo habari ya kwenda na gari ya mshkaji iache, nafasi za gari na pikipiki ndiyo zinawahi kuisha, abiria wa miguu anapata kirahisi zaidi na kule mabasi yapo.

Siku gani? Kila mtu atakwambia wiki ya mbio. Mimi nakwambia nenda wiki ya kwanza, ya mazoezi, mwisho wa mwezi wa tano. Wapandaji ni wale wale, mwendo ni ule ule, watu wachache na vyumba vinapatikana. Vipindi vingi vinakuwa jioni na jua la huko halizami mpaka karibu saa nne usiku, kwa hiyo mchana unazunguka kisiwa na jioni unaenda kukaa kwenye kona yako. Wenzako wakigoma wakataka kuona vikombe, basi angalau ongeza siku mbili mbele ya ratiba, maana mlimani ukungu ukishuka helikopta ya kuokoa majeruhi haiwezi kuruka, na isiporuka hakuna mbio. Wenyeji wanasema Manannan kashusha joho lake, huyo ni mungu wao wa bahari wa zamani, ndiyo meli imechukua jina lake. 2025 ile kubwa ya kufunga wiki, Senior, ilifutwa kabisa kwa sababu ya upepo. Fikiria umekuja kwa siku moja tu na siku yenyewe ni hiyo.

Pa kulala, hoteli za Douglas kwenye ile barabara ya ufukweni zinajaa mapema, lakini wakati wa TT wenyeji wanaruhusiwa kupangisha vyumba vya nyumbani kwao, na viwanja vya mpira vinageuka kambi. Mimi ni mtu wa tenti. Beba nguo za baridi hata kama Leicester mnatembea na singlendi.

Haya, sasa kona. Kabla ya yote elewa kwamba barabara ya mbio ni duara na ikishafungwa imefungwa, uko ndani au uko nje, na pa kuvukia ni pachache sana. Bandari iko nje, Douglas ya ufukweni iko nje, uwanja wa ndege uko nje. Ukiwa ndani na mvua ikawaahirishia masaa matatu basi umo humo na njaa yako, kwa hiyo siku ya kwanza kaa upande wa nje, mahali penye choo na chakula. Ndiyo maana nakupeleka Creg-ny-Baa. Kuna baa pale pale kwenye kona, kuna njia ya nyuma ya kufika kutokea Onchan hata barabara ikifungwa, na unawaona wanatoka mbali juu kule Kate's Cottage, wanashuka mlima moja kwa moja kukufuata wewe, halafu breki, halafu kulia, wamekwenda. Pale jicho linapata muda wa kuzoea.

Siku ya pili ndiyo uende Ballaugh, kuna daraja dogo lenye mgongo na pikipiki zote zinaruka, matairi yote mawili hewani, wapandaji wengine wanatua na tairi la nyuma kwa adabu na wengine wanatua vibaya mpaka wewe ndiyo unaumia kiuno. Pale ni mwendo mdogo, picha zinatoka.

Ila kama una moyo, Bray Hill. Ni mtaa wa makazi, kabisa mtaa wa watu, nyumba na mapazia na mapipa ya taka, unateremka kutoka pale wanapoanzia. Unasimama nyuma ya ukuta wa bustani ya mtu. Kwanza unaisikia helikopta ya tivii inayomfuata anayeongoza, halafu redio inataja jina, halafu mlio wenyewe unapanda, unapanda, na hapo unafikiri umefika kumbe bado, halafu kapita. Hujaona namba wala rangi. Chini ya mteremko shokapu zinabana mpaka mwisho na tumbo la pikipiki linakwangua lami, kwaa, na upepo wake unakufikia wewe baada ya yeye kuondoka, majani ya ua yote yanalala upande mmoja. Mzee mmoja jirani yangu pale aliniangalia akacheka tu, nadhani nilikuwa nimeshika ukuta kwa mikono miwili. Baada ya sekunde 10, mwingine.

Redio ndogo ya betri usisahau, Manx Radio wanatangaza mwanzo mwisho na bila wao hujui kinachoendelea. Simu usiitegemee, mitandao mingine ya Uingereza kule inakuhesabu uko nje ya nchi na bili inakuja na salamu zake. Kiingilio kwenye kingo nyingi za barabara hakuna, tiketi ni za majukwaa tu, na kanisani Braddan huwa wanauza viti kwa ajili ya kanisa, chai na keki zipo. Ukiona bango jekundu la kukataza, usikae hapo hata kama kuna wazungu kumi wamekaa. Na wale wenye vizibao vya machungwa wanaopanga watu wanajitolea, hawalipwi, wakikwambia sogea sogea.

Hili nalo lazima niliseme kwa sababu wenzako hawatakwambia. Kwenye hiyo barabara wamekufa washindani zaidi ya 260 tangu ianze kutumika 1911. Mwaka 2022 peke yake walikufa sita, wawili kati yao baba na mwanawe kwenye pikipiki moja ya kibehewa, ile wanayoita sidecar. Giacomo Agostini, bingwa wa dunia wa zamani, huyo unayemtaja kila siku kuwa ndiyo baba lao, aligoma kurudi baada ya rafiki yake Gilberto Parlotti kufia pale 1972, na baada ya 1976 TT ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, ndiyo hiyo Grand Prix ya Uingereza ikahamia Silverstone. Halafu iangalie familia ya akina Dunlop. Joey alishinda TT mara 26, akafa mashindanoni Estonia mwaka 2000. Mdogo wake Robert akafa 2008 kwenye mbio za North West 200 kwao Ireland ya Kaskazini, na mtoto wake Michael akashinda mbio pale pale siku mbili baadaye. 2018 akafa William, kaka yake Michael. Na Michael bado anapanda, ameshampita baba yake mkubwa, 2025 alifika ushindi wa 33. Sanamu ya Joey iko mahali panaitwa Bungalow, kwenye mteremko wa mlima Snaefell, amekaa juu ya Honda anaiangalia barabara. Kuna treni ndogo kutoka Laxey inafika pale ila wahi kabla hawajafunga. Mimi hiyo familia siielewi na sitajifanya naielewa. Ila siku bendera nyekundu za kusimamisha mbio zikitoka na redio ikanyamaza usianze kulalamika kwa sauti kuhusu ratiba, pembeni yako anaweza akawa amekaa ndugu wa mtu.

Na hiyo mipango yenu ya kukodi pikipiki mkajaribu mlimani, futa. Ni kweli nje ya miji sehemu nyingi hakuna mwendo wa mwisho na wakati wa TT mlima unakuwa njia moja, ndiyo maana wageni wanaumia. Shangazi alikukataza hata kupanda boda ya kwenda sokoni, mimi sitampigia simu ya namna hiyo.

Madogo madogo: kitambulisho chenye picha uwe nacho. Kisiwa si sehemu ya Uingereza lakini ruhusa yako ya kukaa huku inatosha, mpaka wa kugonga muhuri hakuna. Chenji utapewa pauni za kwao, bado wana noti ya pauni moja, zitumie zote kabla ya kupanda meli kwa sababu dukani huku hawazitaki. Na ule chipsi zao zenye jibini na mchuzi juu, najua unacheka, kula kwanza.

Mimi nimeshabuki meli ya Heysham kwa wiki ya mazoezi, abiria wa miguu. Tenti ninayo ya watu watatu, kwa hiyo nafasi ni wewe na mmoja tu kati ya hao wenzako, na awe yule asiyekoroma. Nijibu kabla ya ijumaa, na jiko la gesi ulete wewe.