Mayai ya Fatu yanapelekwa Italia, maabara yetu iko wapi?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Kila habari ya Najin na Fatu ikitoka, hao vifaru wawili wa mwisho duniani wa jamii ya weupe wa kaskazini walioko hifadhi ya Ol Pejeta hapa Laikipia, maneno ya watu ni yale yale, ati wazungu wanachezea pesa, ati kutengeneza mimba kwenye maabara ni kumpinga Mungu, ati shule hazina madawati na sisi tunahangaika na mnyama ambaye hata maziwa hatoi. Mimi kazi yangu ni AI ya ng'ombe, yaani kupandisha kwa mbegu zilizogandishwa bila dume, nazunguka na pikipiki na mtungi wa nitrojeni kuanzia Nanyuki mpaka Timau na Naro Moru, na nasema tunalalamikia kitu ambacho sicho. Hii kazi ni nzuri na si ngeni kwetu. Cha kulalamikia ni kwamba sehemu yake ya maana zaidi inafanyiwa Italia.

Wacha nieleze kwanza, manake wengi wanabishana na hakuna mtu amewaelezea. Najin alizaliwa 1989, Fatu ambaye ni bintiye 2000, wote kwenye zoo ya Dvůr Králové kule Czech, wakaletwa Kenya Desemba 2009 pamoja na madume wawili, Suni na Sudan. Suni akafa 2014, Sudan akafa Machi 2018, ikawa hakuna dume tena. Na hawa majike wenyewe hawawezi kubeba mimba, Najin miguu ya nyuma ni dhaifu na Fatu mfuko wake wa uzazi una kasoro. Kilichobaki ni mayai yaliyo ndani yao na mbegu za madume ambazo ziligandishwa kitambo.

Sasa tarehe 22 Agosti 2019 timu ya BioRescue inayojaribu kuwaokoa, inayoongozwa na Profesa Thomas Hildebrandt wa taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Leibniz-IZW ya Berlin, ikiwa na shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) na watu wa Ol Pejeta, iliwalaza wote wawili kwa nusu kaputi na kutoa mayai 10. Mimi nikipandisha ng'ombe mkono wangu unafika, naishika shingo ya kizazi kwa vidole naijua iko wapi, lakini kwa kifaru ovari, zile zinazobeba mayai, ziko mbali mno ndani, hakuna mkono unafika, kwa hivyo walitengeneza kifaa cha karibu mita mbili kinachopitia njia ya haja kubwa, mbele kina ultrasaundi na sindano ndefu, daktari anaangalia kwenye skrini anatoboa mpaka kwenye kile kifuko chenye yai na kulivuta. Na hapo karibu kuna mishipa mikubwa ya damu, sindano ikienda pembeni kidogo mnyama anaweza kufa, na huyo mnyama ni mmoja kati ya wawili waliobaki duniani. Hebu fikiria mkono wa huyo daktari.

Yakishatoka ndio safari inaanza. Mayai yanatolewa Laikipia, yanawekwa kwenye boksi la joto, yanakimbizwa Nairobi, yanapanda ndege mpaka Cremona kwenye maabara ya Avantea ya Profesa Cesare Galli. Huko yanakomazwa kwenye inkyubeta, mashine ya kuyaweka kwenye joto, halafu kila yai linadungwa mbegu moja kwa sindano ya glasi iliyo nyembamba kuliko unywele, Suni akiwa mmoja wa madume ambao mbegu zao zilitumika. Katika yale 10 ya mara ya kwanza 7 ndiyo yalikomaa, na yakatoka viinitete 2, yaani mimba changa kabisa, vyote kwa mayai ya Fatu. Najin walimpumzisha Oktoba 2021, hatolewi mayai tena. Kufikia Januari 2024 walikuwa na viinitete 30, vyote mama yao ni Fatu, vimegandishwa kwenye nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, vingine Berlin vingine Cremona. Hapa Laikipia anakolala mama yao hakukuwa na hata kimoja kilichohifadhiwa.

Watu wanaosema haya ni mambo ya wanyama tu, hiyo mbinu ya kudunga mbegu moja ndani ya yai ilianza kwa binadamu, Brussels, watoto wa kwanza wakazaliwa 1992, ilitafutwa kwa ajili ya wanaume ambao mbegu zao ni chache au hazina nguvu. Na IVF yenyewe, yaani kutunga mimba nje ya mwili, kabla ya Louise Brown kuzaliwa kule Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kwa mama ambaye mirija yake ilikuwa imeziba, Robert Edwards alikuwa ametumia miaka mingi kwenye mayai ya panya na wanyama wengine ndio akaja kwa ya watu. Maarifa yanatoka kwa mnyama yanakuja kwa mtu, yanarudi kwa mnyama. Edwards alipewa Nobel 2010. Lakini kuna mwingine ambaye sisi mafundi tunafaa kumjua, Jean Purdy, alisomea unesi, ndiye alikuwa anakaa kwenye maabara na visahani na inkyubeta, na ndiye wa kwanza kuona kile kiinitete kikigawanyika. Walipoweka bango la kumbukumbu hospitalini jina lake liliachwa, hata Edwards alilalamika na bado likaachwa. Nasema hivi kwa sababu kazi ya maabara haifanywi na profesa peke yake, inataka mikono mingi iliyozoea, na mikono inazoea kwa kurudia kila siku.

Na kwetu mikono iko. Nairobi watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa 2006, hiyo ni zamani sasa, wako wanawake waliotukanwa tasa miaka na miaka na leo wanapeleka watoto shule. Huko Bungeni Millie Odhiambo amepigania mswada wa hii teknolojia mpaka watu wakazoea kusikia jina lake likitajwa nao. Kabete kituo cha AI kilianza 1946. Na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, hapo Nairobi ilitangaza 2014 ndama dume wa aina ya Boran anayeitwa Tumaini aliyetokana na kiini cha seli kilichowekwa ndani ya yai lililotolewa kiini chake, walikuwa wanatafuta njia ya kupata ng'ombe wanaohimili nagana, ugonjwa wa mbung'o.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa Muguga, penye kituo cha utafiti wa mifugo. Mfugaji yeyote anajua ndigana kali, ng'ombe anapata kupe, tezi za chini ya sikio zinavimba, homa inapanda, anakosa pumzi, anatoa povu puani, amekwisha. 1970 hapo Muguga, Malmquist, Nyindo na Brown walichapisha kwamba wameweza kukuza seli za ng'ombe zenye vimelea vya ndigana nje ya mwili, kwenye chupa, na zile seli zikaendelea kugawanyika bila kuchoka kwa sababu kimelea chenyewe ndicho kinazisukuma zigawanyike. Hiyo ni miaka 8 kabla ya Louise Brown! Kabla ya hapo ukitaka kujaribu dawa lazima umpe ng'ombe mzima ugonjwa umwangalie anavyokufa. Baada ya hapo unaweza kujaribu dawa nyingi kwenye chupa kwanza, inayoua kimelea bila kuumiza seli ndiyo unampelekea ng'ombe. Jamii ya dawa iliyotuletea buparvakwoni, ile wengi tunaijua kama Butalex, iligunduliwa kwa kupitia majaribio ya namna hiyo. Ukimchoma ng'ombe wako leo na akapona, umeshakula matunda ya kazi ya chupa, hata kama hukuwahi kuisikia. Halafu mtu anakuambia maabara ni mchezo wa wazungu.

Kwa hivyo swali langu ni hili, kama Muguga iliweza 1970, kwa nini mwaka huu mayai ya kifaru wetu yapande ndege usiku? Najua majibu. Kwanza Avantea wana uzoefu wa miaka mingi, na mayai yenyewe ni machache sana, hakuna mtu mwenye akili anaweza kumpa mwanafunzi yai la Fatu ajifunzie. Hilo nakubali kabisa. Lakini mtu hajifunzi na yai la kifaru, anajifunza na la ng'ombe, na la ng'ombe tunalitupa kila asubuhi. Nenda kichinjio chochote, iwe Nanyuki, Nyeri, Dagoretti, angalia vile vizazi vinatupwa pamoja na ovari zake, mbwa wanakula. Ulaya hizo hizo ovari za kichinjioni ndizo zinafundisha watu. Unazichukua zikiwa bado za moto, unaziweka kwenye thamosi yenye maji ya chumvi yenye uvuguvugu, ukifika maabara unavuta maji ya vile vifuko vidogo kwa sindano, unayatafuta mayai kwenye hadubini, unayalaza kwenye inkyubeta ya nyuzi 38.5 karibu siku nzima yakomae, unaweka mbegu, siku ya saba unajua kama una kiinitete au huna. Siku ya kwanza utaharibu yote. Ukifanya mwaka mzima, mayai mia kwa mia, utakuwa mtu wa kuaminiwa. Na wakati unajifunza, mkulima wa hapa naye anaweza kufaidika, kwa sababu kiinitete cha ng'ombe bora wa maziwa kinaweza kubebwa na mtamba wa kawaida tu.

Shida yetu ni vitu vidogo vidogo vinavyochosha. Umeme unapotea inkyubeta inapoa, mayai yote yamekufa. Nitrojeni nayo, mimi mwenyewe nimewahi kusubiri mpaka mtungi ukakaribia kukauka kwa sababu muuzaji ninayemtegemea alikuwa hana na hakusema mapema, mbegu za thamani zilikuwa ziende hivyo hivyo. Mambo kama haya hayahitaji Nobel, yanahitaji mtu aweke bajeti na afuatilie.

Kuhusu Mungu, mimi ni mkristo na sioni dhambi hapa. Hawa vifaru hawakufa kwa mapenzi ya Mungu, waliuawa kwa bunduki kwa ajili ya pembe, kule Garamba nchini Kongo ndiko wa mwisho wa porini walikuwa, wakaisha. Mkono wa mtu ndio uliwamaliza. Kuhusu pesa, ni kweli maabara haiwezi kuchukua nafasi ya askari wa wanyama, ukitengeneza kifaru halafu jangili akampiga risasi umefanya nini? Lakini pesa zenyewe nyingi zinatoka nje, na tukikataa hazitaenda kununua madawati ya Kenya, zitabaki huko huko na ujuzi utabaki huko huko.

Na kazi bado ni ngumu, watu wasidhani kesho tutaona ndama. Septemba 2023 walipandikiza viinitete vya vifaru weupe wa kusini, ndugu wa hawa wa kaskazini, kwa jike wa jamii hiyo anayeitwa Curra, manake Najin na Fatu hawawezi kubeba, hapo hapo Ol Pejeta, kama majaribio kabla ya kutumia vile vya kaskazini. Mimba ikashika, ya kwanza ya namna hiyo kwa kifaru. Halafu mvua kubwa za mwisho wa mwaka ule zikaja, mafuriko yakafukua ardhini bakteria wa jamii moja na wale wanaoleta chambavu kwa ng'ombe, Curra akafa Novemba na mimba yake ya siku 70, kijusi dume cha sentimita 6.4. Niliposoma hiyo habari niliumia sana, kwa sababu najua mtu anavyongoja kusikia mimba imeshika. Huko Osaka nako Profesa Katsuhiko Hayashi na wenzake walionyesha mwishoni mwa 2022 kwamba seli zilizotokana na ngozi ya kifaru Nabire, aliyekufa 2015, zinaweza kugeuzwa ziwe mwanzo wa seli za uzazi. Hayajawa mayai bado, lakini mlango uko wazi, na Fatu hawezi kutolewa mayai milele.

Ombi langu Mhariri ni mtume mwandishi. Aende Ol Pejeta, aende na kwa taasisi ya utafiti wa wanyamapori Naivasha, aulize ni Wakenya wangapi wameshakaa Cremona wakashika ile sindano ya glasi wenyewe, si kuangalia tu. Aulize mkataba unasema nini kuhusu vile viinitete, na vitarudi lini kuhifadhiwa hapa. Aulize vyuo vyetu vya udaktari wa mifugo ni kipi kina inkyubeta inayofanya kazi na jenereta ya kuisaidia. Na chuo kitakachosema shida ni ovari za kufundishia, mimi niko tayari kuzichukua kichinjioni Nanyuki na kuzipandisha gari la alfajiri bila kudai hata mafuta ya pikipiki.

Mhudumu wa AI,
Nanyuki