Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza: itazame barabara ya pili ya bondeni

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Yorkshire, ninakoishi na ninakoendesha baiskeli karibu kila Jumamosi, iwe joto au baridi. Barua hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu wapo wenzangu wa lugha hii ninaopanda nao vilima hivi, na ningependa waisome kama ilivyonitoka. Nakala ya Kiingereza imeshatumwa ofisini kwako.

Jambo langu ni moja. Barabara ndogo za mabondeni, pamoja na zile zinazokatiza nyika za juu, hupangiwa ukaguzi na matengenezo kwa kutazama zaidi wingi wa magari. Hesabu hiyo inatupunja sisi wa baiskeli, na mwenye kulipa ni mwili wa mtu.

Ukiifungua ramani ya mabonde haya utaona kitu ambacho mgeni hukipita bila kukitambua: mabonde mengi yana barabara mbili, moja kila upande wa mto. Chukua Wensleydale. Kusini mwa mto Ure inapita barabara kuu ya A684, yenye malori, matrekta na magari yanayokokota nyumba za likizo. Kaskazini mwa mto huohuo kuna barabara nyembamba inayotoka Hardraw, ikapita Sedbusk na Askrigg hadi Carperby, na unaweza kuendesha muda mrefu ukisikia mnyororo wako tu na ndege wa mashambani. Wharfedale ni vivyo hivyo. Magari hushika B6160 upande wa magharibi, na sisi tunatoka Grassington kwa upande wa pili, tunapita Conistone mpaka Kettlewell. Njia nzuri za baiskeli, Mheshimiwa, hazihitaji kubuniwa upya wala kuchongwa. Zipo tangu enzi za mikokoteni.

Kisha kuna barabara za kuvuka kutoka bonde moja kwenda jingine. Hizi ndizo zinazotupandisha kwenye nyika baridi za juu, zisizo na mti, zenye vichaka vya hetha ambavyo mwezi wa Agosti huchanua zambarau mpaka upeo wa macho. Buttertubs, kutoka Hawes kwenda Thwaite, inafika mita 526 juu ya usawa wa bahari. Rosedale Chimney Bank, upande wa mashariki, ina mahali penye mwinuko wa asilimia 33, yaani unapanda mita moja kwa kila mita tatu. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipoanzia Leeds tarehe 5 Julai 2014, watu walijaa Buttertubs hadi waendeshaji wakabakiwa na upenyo mdogo wa kupita. Tangu hapo watu wanaendelea kuja kuipanda kutoka kila pembe.

Sifa zote hupewa kupanda. Lakini mlima ukiupanda unakuchosha tu. Kinachovunja mifupa ni kuteremka.

Machi mbili zilizopita tulikuwa tunashuka kutoka nyikani, mvua ya manyunyu, mimi na rafiki yangu. Sitaitaja barabara, kwa kuwa sitaki kumtupia mtu lawama, na ziko nyingi za namna ile. Yeye alikuwa mbele yangu kama mita thelathini. Chini kabisa kulikuwa na vile vyuma vinavyolazwa juu ya shimo kukatisha barabara ili kondoo wasivuke, na mara baada yake kona ya kushoto yenye kuta za mawe pande zote. Vyuma alivivuka vizuri, usukani umenyooka, mkono hauko kwenye breki, kama tunavyofundishana. Shimo lilikuwa hatua chache mbele. Lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni, likang'aa kama dimbwi lolote lililobaki baada ya mvua. Nikasikia rimu ikigonga lami, sauti kavu, kisha nikaona gurudumu la nyuma limeinuka hewani. Alivunjika mtulinga. Tulikaa pale dakika arobaini tukisubiri gari la wagonjwa, nimemfunika koti langu, yeye akiniuliza mara kwa mara kama baiskeli ni nzima.

Wiki iliyofuata nilirudi na rula. Kina cha shimo kilikuwa milimita 35.

Nakuomba utulie na namba hiyo. Halmashauri nyingi nchini hutumia kina cha takribani milimita 40 kama kipimo cha shimo linalostahili kuzibwa haraka. Kwa gari kipimo hicho kina maana, kwa sababu tairi la gari ni pana na lina springi juu yake. Tairi la baiskeli ya barabarani lina upana wa milimita 25 hadi 28 hivi. Shimo ambalo kwa mkaguzi halijafika kiwango lina kina kinachozidi upana wa tairi zima. Na kwenye mteremko, mwendo wa kilomita 60 kwa saa haushangazi hata kidogo. Hapo unakula karibu mita 17 kila sekunde. Shimo unaloliona ukiwa mita 15 kutoka hapo, umeshaingia kabla mkono haujafika kwenye breki.

Mashimo haya yanatoka wapi? Kwa huku juu, jibu kubwa ni maji. Udongo wa nyikani ni mboji nyeusi, unafyonza maji kama sponji hadi ushibe, kisha yanayobaki yanatafuta njia ya kushuka. Mtaro wa kando ukiziba, barabara ndiyo inayogeuka mtaro. Maji yanabeba changarawe na kuimwaga konani. Yanaingia kwenye nyufa za lami, usiku yanaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Ufa unapanuka, barafu inayeyuka, gari la kwanza la asubuhi linang'oa kipande. Mvua za huku si za kuchezea. Mwishoni mwa Julai 2019 mafuriko yalibeba daraja la Grinton Moor, na Septemba mwaka huohuo mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Yorkshire, mbio kuu za wanaume zilibadilishwa njia na Buttertubs ikaachwa kwa sababu ya mvua. Kama maji yaliwatoa barabarani mabingwa wa dunia, ilhali barabara imefungwa na timu za waokoaji ziko tayari, sisi wa Jumamosi tufanyeje?

Nimemwona mzee mmoja mfugaji akizibua mtaro kwa koleo karibu na geti lake. Alitoa majani yaliyooza, tope na jiwe moja kubwa kiasi cha kichwa cha mtu, na maji yaliyokuwa yakitambaa katikati ya barabara yakageuka mbele ya macho yangu yakaingia chini. Hakumaliza hata robo saa. Nilimwuliza huwa anafanya hivyo lini. Akasema, "Kila Oktoba, na kila nikiyasikia maji yakipita mahali pasipo pake."

Kuna na suala la kokoto. Lami ikichakaa, mafundi humwaga lami ya maji na kutandaza kokoto ndogo juu yake, wakitegemea magari yazishindilie. Kwenye barabara kuu kazi hiyo huisha upesi. Kwenye barabara ndogo magari ni machache, kwa hiyo kokoto hukaa zimelegea kwa muda mrefu na kujikusanya konani, mahali ambapo mwenye baiskeli anahitaji kushika ardhi kuliko pote. Kibao cha kupunguza mwendo hakitoshi. Gari la kufagia lirudi tena baada ya siku chache, na lianze na sehemu za mteremko.

Kuhusu madereva nitasema kidogo, maana wengi wao huku ni waungwana. Kanuni za barabarani zilizorekebishwa Januari 2022 zinamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwenye baiskeli kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa, na zaidi akienda kasi. Lakini vichochoro vingi vilivyobanwa na kuta za mawe bado viko chini ya kikomo cha kawaida cha maili 60, na upana wake hauruhusu hizo mita 1.5 hata dereva angetaka. Sheria ya Uchukuzi ya mwaka 2000 tayari inaziruhusu halmashauri kuzitenga barabara ndogo kuwa vichochoro tulivu na kuzipangia mwendo. Mamlaka yapo mkononi, yanahitaji msukumo tu.

Basi ombi langu ni kwamba wizara yako itoe mwongozo kwa halmashauri zenye nyika na mabonde: barabara ipewe uzito kwa mteremko wake na kwa idadi ya baiskeli zinazopita, na baiskeli zihesabiwe Jumamosi na Jumapili zinapopita kwa kweli. Kina cha shimo linalostahili kuzibwa kipunguzwe kwenye miteremko na kona. Mitaro izibuliwe kabla ya baridi, na fedha za kazi hiyo zitengwe peke yake zisimezwe na barabara kuu.

Ukipata Jumamosi moja, tukutane Hawes. Nina baiskeli ya pili, nitakurekebishia kiti. Tutashika upande wa kaskazini wa mto, Hardraw, Sedbusk, mpaka Askrigg, taratibu, na kila tutakapokuta maji yanatembea katikati ya barabara tutashuka tuangalie yametokea wapi.

Wako mtiifu,
Mwendesha baiskeli wa Yorkshire