Picha ya eksirei isikatwe ili kuficha kosa

Mhariri,

Hospitali zetu nyingi zimeachana na filamu na chumba cha giza, na mashine za eksirei za kidijitali sasa zinafika hadi vituo vya afya. Ni hatua njema. Lakini kompyuta za mashine hizo zina vitufe vinavyoweza kuficha kazi mbaya, na jambo hilo halijazungumzwa vya kutosha.

Chukua mtoto wa mwaka mmoja anayepigwa picha ya kifua. Enzi za filamu kaseti ya sm 18 kwa 24 ilimtosha. Leo analazwa juu ya ditekta, yaani bamba linalopokea mionzi badala ya filamu, ya sm 35 kwa 43. Mtaalamu asipofunga kolimeta, kifaa kinachobana upana wa mionzi, hadi ukubwa wa kifua, eneo linalopigwa mionzi linazidi mara tatu: tumbo, nyonga, pengine hata mikono ya mama aliyemshika. Kwenye filamu kosa hilo lilijianika lenyewe, maana ukingo mweupe wa kolimeta haukuwepo. Kwenye kompyuta mtu anaburuta mistari minne, anakata tumbo na mikono, anamtumia daktari picha safi ya kifua. Mtoto ameshapata mionzi yote.

Hata hicho kifua kilichobaki hakiko sawa. Eneo likiwa kubwa, mionzi inayotawanyika mwilini huongezeka na kuififisha picha. Tena sehemu iliyokatwa ni taarifa ya mgonjwa. Kama mfupa wa mkono ulikuwa na ufa, umeonekana na mtu mmoja tu, naye ameufuta.

Kuna pia herufi R na L, za kuonyesha kulia na kushoto. Herufi ya madini ya risasi inatakiwa iwekwe kwenye ditekta, ndani ya eneo la mionzi, kabla ya kupiga. Tuseme mgonjwa mahututi amepigwa akiwa chali kitandani, huku mashine imeachwa kwenye mpangilio wa kusimama, mionzi ikitokea mgongoni. Picha inakuja imegeuka kama ya kwenye kioo, moyo uko upande usio wake. Asiyeweka herufi anaigeuza mpaka moyo ukae kushoto, kisha anaandika L kwa kompyuta. Kwa wagonjwa wengi atapatia. Kwa yule aliyezaliwa na moyo upande wa kulia, au ambaye moyo umesukumwa huko na hewa iliyojaa kifuani kushoto, atakuwa amemwelekeza daktari kuingiza mpira wa kutoa hewa kwenye upande mzima.

La tatu ni namba inayoandikwa DI pembeni ya picha, inayoonyesha mionzi iliyofika kwenye ditekta imepishana kiasi gani na lengo. Sifuri maana yake ditekta imepokea kiasi kilichokusudiwa. +3 ni mara mbili yake, -3 ni nusu, +10 ni mara kumi. Mionzi ikipungua picha inakuwa na chenga na daktari analalamika. Ikizidi, picha inapendeza na hakuna anayesema neno, kwa hiyo viwango vya mionzi vinapandishwa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Tahadhari mbili: namba hiyo si dozi ya mgonjwa, na kolimeta ikiachwa wazi inaweza kudanganya. Na picha inayosomeka vizuri isirudiwe eti kwa sababu DI imezidi. Kuirudia ni kumwongezea mgonjwa mionzi bure.

Tunasisitiza haya kwa sababu mfanyakazi wa mionzi ana ukomo wa milisiverti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka 5, na mwananchi wa kawaida ana milisiverti 1. Mgonjwa hana ukomo wa namba. Kinachomlinda ni kipimo kuwa cha lazima kweli, na aliyeshika kitufe kufanya kazi yake kwa uaminifu.

Sheria tunazo. Ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 inaipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kazi ya kutoa leseni na kukagua. Ya mwaka 2007 inahusu Baraza linalosajili wataalamu wa radiolojia. Lakini mashine inaweza kuwa na leseni, aproni za kukinga mionzi zisiwe na nyufa, wahusika wote wawe wamesajiliwa, na bado kilichokatwa jana kisijulikane. Tunaliomba Baraza litamke waziwazi kwamba kukata picha ili kuficha eneo lililopigwa mionzi ni kosa la kitaaluma, na wakaguzi waombe kuona orodha ya picha zilizokataliwa, yaani zilizotupwa kwa kuwa hazifai. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilipendekeza mwaka 2015 lengo la picha zilizokataliwa liwe asilimia 8 ya picha zote, na zikifika 10 uchunguzi ufanyike. Orodha hiyo haina maana kama kila sababu imeandikwa "nyinginezo", au kama zamu nzima inaingia kwa nywila moja.

Waganga wafawidhi wasisubiri waraka. Fundi wa kampuni anapokuja kufunga mashine, kabla hajaondoka, mwambieni kila mtaalamu awe na nywila yake, picha kamili isiyokatwa ihifadhiwe, picha zilizokataliwa zisifutike bila idhini ya msimamizi, na lengo la DI liwekwe kwa kila kiungo, la watoto likiwa peke yake.

Wataalamu wa radiolojia,
Mwanza