Zuhura, usinunue kwanza zile lenzi za 15x

Dada Zuhura,

Salaam nyingi. Huku wote wazima, na Bibi bado anaulizia embe zake. Ujumbe wako nimeupata: fundi kawaletea boksi la lenzi za hadubini kuukuu, na ninyi mnataka kuagiza lenzi za jicho (zile za juu, za kuchungulia) za 15x, yaani zinazokuza mara 15, ili vimelea vya malaria vionekane vizuri. Tafadhali, hiyo hela izuieni.

Anza na lenzi za chini, zile zinazokaribia slaidi. Soma ubavuni. Iliyoandikwa 160/0.17 ni ya hadubini yenye mrija wa milimita 160, na 0.17 ni unene, kwa milimita, wa kigae cha kioo cha kufunikia slaidi. Yenye alama ya ∞ (isiyo na mwisho) haikamilishi taswira peke yake, inategemea lenzi nyingine iliyomo ndani ya hadubini yake. Hesi (nyuzi za kufungia) za nyingi ni zilezile za milimita 20.32, ndiyo maana fundi anasema zinaingia. Kuingia zinaingia! Lakini ya ∞ kwenye mrija wa 160 itakupa picha yenye ukungu, hasa ile ya 100x, na ukuzaji hautakuwa ule ulioandikwa.

Sasa hiyo 15x. Lenzi yenu ya mafuta (ile ya 100x inayotumiwa na tone la mafuta juu ya slaidi) kama ni 100/1.25, hiyo 1.25 ni kipimo cha uwezo wake wa kutenganisha vitu vidogo; zidisha 1.25 kwa 1000: ukuzaji wenye faida unaishia 1250. Lenzi ya jicho ya 10x inawapa 1000 (100 mara 10), inatosha kabisa. Ya 15x inawapa 1500. Kimelea kitanenepa bila kuonyesha kitu kipya, na mwanga utapungua zaidi ya nusu. Tena 10x/18 (18 ni upana wa duara la lenzi ya jicho kwa milimita) inaonyesha duara la milimita 0.18 (18 gawanya kwa 100), ila 15x/12 ni 0.12 tu. Anayetafuta vimelea atapitia maeneo zaidi ya mara mbili kwa damu ileile. Kwa foleni yenu ya asubuhi, hapana.

Hata 10x si zote sawa. Watengenezaji wengi wa zamani waliacha kasoro kidogo ya rangi kwenye lenzi ya chini ili ya jicho iisahihishe. Nikon, tangu mfumo wao wa CF wa 1976, hawakutegemea hilo. Ukichanganya, tazama pembezoni mwa duara: kitu cheusi kina ukingo wa bluu upande mmoja na mwekundu upande wa pili, wakati katikati ni safi. Na macho mawili yapate jozi moja, si 18 huku na 20 kule.

Lakini narudi palepale, 160 au ∞ kwanza.

Kwani hadubini yenu yenyewe imeandikwa nini? Tundu la lenzi ya jicho ni milimita 23.2 au 30? Lenzi ya mafuta mmeifuta lini mara ya mwisho, na kwa kitu gani? Hela ni ya nani? Na mguu wa Shabani?

Nijibu kabla hamjalipa.

Mwanaidi