Anayemsaidia mgeni aanzie kwa mtendaji wa kijiji, si kwa bosi

Mhariri,

Tangu mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze Oktoba 2017, na zaidi baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021, watu wa kando ya mto Ruvuma, upande wetu wa mpaka, wamepokea wageni majumbani mwao. Misikiti, parokia na vikundi vya akina mama vimetoa unga, magodoro na nauli. Wanastahili shukrani. Ila likija suala la kazi wengi huanzia mkiani: kibarua kwanza, karatasi baadaye. Matokeo yake mgeni anaingia matatani, na aliyempa kazi naye yumo.

"Mtu wa ng'ambo" kisheria ni watu watatu. Yupo Mtanzania aliyekuwa akiishi Msumbiji akarudi mikono mitupu. Huyo ni raia. Kinachomhusu ni barua ya mtendaji, cheti cha kuzaliwa na maombi ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Yupo raia wa Msumbiji aliyeingia kwa pasi. Na yupo anayeomba hifadhi, ambaye Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku 7 tangu aingie nchini ajitokeze kwa mtendaji wa kijiji, kwa mlinzi wa amani (cheo cha kimahakama) au kwa afisa aliyeidhinishwa. Mkimficha uani kwa huruma hadi siku zipite, maelezo yake yanaanza kutiliwa shaka. Mtendaji naye asiishie kusikiliza. Aandike daftarini tarehe aliyoingia, kivuko alichopitia na watoto aliokuja nao.

Shida inayodharauliwa kuliko zote ni majina. Kitambulisho cha Msumbiji ni cha Kireno. Karani anaona "Assane" anaandika Hassani. "Saíde" anakuwa Saidi, "Amade" anakuwa Ahmadi. Masikioni ni mtu yule yule, lakini kwenye kompyuta ni watu wawili. Tena kwa desturi ya Kireno ukoo wa mama hutangulia ukoo wa baba, wakati sisi tumezoea jina la mtu, la baba, kisha la babu. Nakilini herufi kwa herufi kutoka kwenye kitambulisho cha kwanza, mtumie tahajia hiyo hiyo shuleni, zahanati na kwenye laini ya simu. Kama yamekwisha kuchanganywa, aape kwa wakili kwamba majina yote mawili ni yake, na nakala ya kiapo itembee na kitambulisho.

Hiyo laini nayo ina mtego wake. Husajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole, kwa hiyo asiye navyo huazima ya jirani. Ujira unaingia kwa jirani, ugomvi unaanza, na laini ikitumika vibaya anayetafutwa ni mwenye jina.

Kwa asiye raia, kazi inaongozwa na sheria ya 2015 ya ajira za wageni. Mwajiri ndiye anayeomba kibali kwa Kamishna wa Kazi, na hakizidi miezi 24 kwa mara moja. Wakimbizi wana daraja lao la kibali, E. Kibali cha kazi si kibali cha ukaazi. Hicho cha pili ni cha Uhamiaji. Mkimbizi pia anatakiwa kuishi katika eneo alilopangiwa, na makambi yako Kigoma, kwa hiyo msikimbilie kumlipia chumba Chikongola, hapa Mtwara mjini, kabla ya kuuliza.

Wengine huona njia ya mkato ni kumpa mgeni mtaji mdogo. Amri ya Julai 2025 imewafungia wasio raia biashara 15, zikiwemo duka la rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni na kununua mazao shambani. Hapo mnakuta karibu kila kitu ambacho kikundi cha kuweka na kukopa hufikiria kumfungulia mtu!

Kwa mwenye haki ya kufanya kazi, msimu wa korosho una nafasi nyingi, na magomvi yake mengi yanaanzia kwenye mizani. Mwokotaji anahesabu kilo za siku ile korosho ikiwa mbichi. Mwenye shamba anahesabu baada ya kuianika siku mbili tatu, imekwisha kupungua. Kubalianeni kabla ni uzito upi unaolipwa, mwandike kwenye daftari, sahihi mbili. Asipolipwa, apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Aliyefukuzwa kazi ana siku 30 tu. Wengi hukaa wakingoja bosi auze mnada wa mwisho, muda umekwisha.

Fundi seremala au mwashi asiye na cheti aulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, Mtwara au Lindi, kuhusu kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Wanampima kwa mahojiano na kazi ya mikono.

Halmashauri zianze na jambo dogo: karatasi moja kwa Kireno, Kimakonde na Kimakua kwenye ubao wa kila ofisi ya kijiji, kuanzia Kilambo hadi Mtambaswala, inayoeleza siku 7 zinahesabiwa kuanzia lini na mtu aende kwa nani.

Msaidizi wa kisheria,
Mtwara