Uloto si suala la kundi la damu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wenye watoto wa selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu). Mwanangu ana miaka 9. Maumivu yakimshika usiku hujikunja, akaomba nimkande magoti kwa kitambaa cha moto.

Tangu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ianze kupandikiza uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto kama yeye mwaka 2023, majirani huniambia: "Si utoe wewe, mna kundi moja la damu?" Wanasema kwa upendo, najua. Lakini sivyo. Seli shina za uloto, yaani seli mama, ndizo zinazozaa askari wa kinga. Ukimpa mtoto uloto wa mtu, umempa na jeshi la mtu huyo. Ndiyo maana dawa kali hutangulia kuifyeka kinga yake ya zamani, isizikatae seli mpya. Na hizo mpya, zisipooana na mwili, huweza kuushambulia: ngozi, ini, utumbo. Kwenye kupandikiza figo, mwili ndio hukataa kiungo. Hapa mgeni naye anaweza kumkataa mwenyeji.

Kinachopimwa ni alama za HLA, yaani alama za juu ya seli ambazo kinga huzitumia kutambua chake na cha mgeni. Mzazi kwa kawaida huoana nusu tu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuoana kikamilifu. Mdogo wa mwanangu, wa miaka 5, ameoana naye. Aliniuliza kama mfupa wake utabaki mtupu. Nikamwambia uloto huota tena.

Wahudumu wa kliniki, tuelezeni haya mapema, kabla familia hazijauza shamba kwa matumaini ya mtoaji asiyefaa.

Mama wa watoto watatu,
Kihonda, Morogoro